Toa Mbegu Ghalani Kwanza: Kuondoa Windows ya Zamani Kwenye Diski Kuukuu



Somo la toleo hili ni la vikundi vilivyo na kompyuta, iwe ya kununua kwa michango au ya kupewa. Karani alisome kwa sauti mkutanoni na wote wasikilize, hata wale ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Maana vitabu vinavyozungumziwa hapa ni vya wote.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza, kila kikundi kiweze:
1. Kutofautisha faili za Windows ya zamani na kazi za watu.
2. Kuokoa kazi za watu kabla ya kufuta chochote.
3. Kuondoa Windows ya zamani bila kuharibu kompyuta inayotumika.

HADITHI YA KUFUNZA

Palikuwa na kikundi cha akina mama na vijana waliofuga mbuzi wa maziwa na kukopeshana pesa. Kompyuta yao ya kwanza ilipozeeka, wakapata nyingine. Fundi akaitoa ile diski ya zamani akaifunga ndani ya kompyuta mpya, iwe kama ghala la pili. Vitabu vya miaka minne vilikuwa humo: nani ameweka akiba, nani amekopa, nani amelipa. Mweka hazina aliendelea kuvifungua hapo hapo kila mwezi.

Siku moja diski ile ikajaa. Mweka hazina akamwita kijana mmoja wa kikundi anayejua kompyuta.

"Mama, hii diski imejaa Windows ya zamani. Haifanyi kazi yoyote. Wacha nikufutie."

"Haitaharibu vitabu vyetu?"

"Aa, hapana Mama. Hizi ni takataka tu."

Kijana akafuta folda moja baada ya nyingine. Zingine zikakataa, akazilazimisha. Kati ya zile alizofuta palikuwa na moja iitwayo Users. Hakujua kwamba hapo ndipo Windows huweka kazi za watu. Nafasi ilipopatikana, akaijaza video za mafundisho ya ufugaji na za harusi ya mwenyekiti.

Mkutano wa mwezi ulipofika, mweka hazina akafungua kompyuta aandike akiba. Vitabu havipo. Wakambebea fundi wa mjini ile diski. Fundi akaiangalia, akasema, "Mngekuja siku ile ile, kabla ya kuweka video, labda ningeokoa. Sasa mmeandika juu yake."

Ikabidi kila mtu alete kadi yake ya akiba. Wengi walikuwa nazo. Lakini nyanya mmoja kadi yake ilikuwa imenyeshewa ikaoza. Alijua kwa kichwa pesa alizoweka, ila karatasi hakuwa nayo. Watu wakabishana mpaka jua likazama. Mwishowe wakamwamini, kwa kuwa walimjua. Lakini alikuwa amesimama mbele ya kikundi akijitetea kama mwizi, kwa sababu ya pesa zake mwenyewe.

Hadithi hii ni ya kufunza tu, lakini makosa yaliyomo hutokea kila siku. Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Alikosa mpango.

FAILI HIZI NI KITU GANI?

Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila mfumo wa kuiendesha. Huo ndio unaoiamsha unapoiwasha, unaofungua programu, na unaoweka faili mahali pake. Kompyuta nyingi za vikundi hutumia mfumo wa Windows.

Mfumo mpya ukiingia, wa zamani hauondoki wenyewe mara moja. Ni kama boma ambalo nyumba mpya imejengwa na ile ya zamani bado imesimama. Hakuna anayelala humo, lakini imekalia kiwanja.

Jambo hili linawahusu wengi sasa. Microsoft iliacha kutengeneza marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo vikundi vingi vimehamia Windows 11, au vimebadilisha kompyuta na kubaki na diski za zamani.

Mabaki hayo hupatikana kwa njia mbili, na kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza: kompyuta ni ile ile, diski ni ile ile, lakini Windows imepandishwa kutoka toleo moja hadi lingine. Hapo utakuta folda iitwayo Windows.old. Inaweza kula gigabaiti 10, 20 au hata zaidi.

Njia ya pili: diski nzima imetoka kwenye kompyuta nyingine na kufungwa kwenye hii, ama ndani yake ama kwa waya wa USB. Hapo utakuta folda za Windows, Program Files, ProgramData na Users. Pengine utaona pia faili kubwa zilizofichwa, kama pagefile.sys na hiberfil.sys.

Kati ya hizo, zipi ni takataka na zipi ni mali?

Folda ya Windows kwenye diski ya zamani haina kazi tena. Program Files ni vivyo hivyo. Wengine huihifadhi wakidhani programu zao zitafanya kazi kwenye mashine mpya. Haziwezi kwa kunakiliwa tu. Programu nyingi lazima ziwekwe upya.

Folda ya Users ndiyo ghala. Ndani yake kuna folda yenye jina la kila aliyetumia kompyuta, na humo mna Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Barua, vitabu vya akiba na picha mara nyingi ziko hapo.

Folda ya ProgramData, pamoja na ile iliyofichwa iitwayo AppData ndani ya Users, huwa na mchanganyiko. Programu zingine za hesabu huweka vitabu vyake huko. Kama kikundi chenu kinatumia programu maalum ya hesabu, iwasheni kompyuta ya zamani ingali hai, mfungue programu yenyewe, na mtoe nakala ya akiba kutoka ndani yake. Hiyo ni salama kuliko kutafuta faili gizani.

KESI YA KWANZA: WINDOWS.OLD

Hii ni kesi rahisi. Windows huweka folda hii kwa siku 10 ili ukitaka kurudi toleo la zamani uweze. Baada ya hapo kwa kawaida huiondoa yenyewe. Kwa hiyo, kama mmepandisha Windows wiki hii na nafasi ipo, ngojeni. Tumieni siku hizo kuhakikisha kwamba printa inachapa na vitabu vyote vinafunguka.

Kama haijaondoka, au nafasi imekwisha kabisa, fanyeni hivi:

1. Fungueni Windows.old, kisha Users iliyo ndani yake, mwone kama kuna kazi ya mtu iliyobaki. Ikiwapo, inakilini.
2. Fungueni "Settings", kisha "System", kisha "Storage", kisha "Temporary files".
3. Wekeni alama kwenye "Previous Windows installation(s)" peke yake.
4. Angalieni vizuri kama alama iko pia kwenye "Downloads". Iondoeni! Hiyo ni folda yenu ya vitu mlivyopokea kutoka kwenye intaneti, na ikiwa na alama itafutwa pamoja na takataka.
5. Bonyezeni "Remove files" na mngoje.

Msiifute Windows.old kwa mkono kama mnavyofuta picha. Kompyuta itakataa baadhi ya faili na mtabaki na vipande. Kumbukeni pia kwamba ikishaondoka, hakuna kurudi toleo la zamani.

KESI YA PILI: DISKI KUUKUU NZIMA

Hapa ndipo watu huumia. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake, na msiruke hata moja.

Hatua ya 1: Chagueni siku na watu. Kazi ifanywe na watu wawili au zaidi, na mmoja wao awe mweka hazina au karani. Mtu mmoja afanye, mwingine asome hatua na kuweka alama. Msifanye siku ambayo stima inapotea potea. Kama ni laptopu, betri ijae kwanza.

Hatua ya 2: Ipeni diski jina. Diski iliyokuwa C kwenye mashine yake ya zamani itaitwa D, E au F kwenye mashine mpya. Na diski zote mbili zitakuwa na folda ya Windows. Hapo ndipo mtu hufuta isiyofaa kufutwa. Fungueni "This PC", mbonyeze diski ya zamani kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague "Rename", mwandike KUUKUU. Tangu hapo, kabla ya kufuta chochote, mmoja aulize kwa sauti: "Tuko kwenye KUUKUU?" Na mwenzake ajibu baada ya kuangalia.

Hatua ya 3: Angalieni kama nyumba mpya imeegemea ukuta wa zamani. Windows mpya ikiwekwa wakati diski ya zamani imo ndani ya mashine, faili za kuamsha kompyuta zinaweza kubaki kwenye ile ya zamani. Mkiifuta, mashine haitawaka. Jaribio lake ni hili: zimeni kompyuta kabisa, mtoe waya wa stima, fundi aichomoe diski ya zamani, kisha muwashe. Ikiwaka na kufanya kazi kama kawaida, diski ya zamani haitegemewi. Ikikataa kuwaka, irudisheni na msifute kitu. Mwiteni fundi azihamishe faili za kuamsha kwanza. Mashine iliyokuwa na Windows na Linux pamoja nayo ni ya fundi, maana ukifuta sehemu ya Linux huenda isiwake tena.

Hatua ya 4: Sikilizeni diski. Diski ya aina ya zamani ina sahani inayozunguka. Ikitoa mlio wa kugonga gonga, au ikipotea na kurudi, iko karibu kufa. Msipoteze muda kusafisha. Nakilini vitabu kwanza, vya pesa vikitangulia.

Hatua ya 5: Pimeni virusi. Bonyezeni KUUKUU kwa kitufe cha kulia, mwambie programu ya usalama ya Windows iipime. Na msifungue programu yoyote iliyo kwenye diski hiyo. Tunatafuta karatasi za watu, hatutafuti programu.

Hatua ya 6: Toeni mbegu. Nakilini folda ya Users. Msihamishe: tumieni "Copy", msitumie "Cut". Stima ikipotea katikati, nakala ya kwanza ibaki salama. Windows ikisema hamna ruhusa ya kufungua folda ya mtu, bonyezeni "Continue" mkiwa mmeingia kama msimamizi wa kompyuta. Kisha tazameni mwanzo kabisa wa diski, maana watu wengine hufungua folda zao pale, nje ya Users. Waulizeni wote waliowahi kutumia mashine ile, hata aliyeondoka kwenye kikundi: "Kazi yako uliweka wapi?"

Diski ikiomba nambari ndefu ya kuifungua, ya tarakimu 48, ina kufuli ya BitLocker. Mara nyingi nambari hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeitayarisha kompyuta. Mtafuteni mtu huyo mapema. Bila nambari hiyo, hata fundi stadi hawezi kuwasaidia.

Hatua ya 7: Wekeni nakala mbili, na mzifungue. Moja iwe kwenye kompyuta mpya, nyingine kwenye diski ya nje au flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa mfano ofisi ya parokia. Mwizi akija au moto ukiwaka, zisiende zote. Halafu mweka hazina mwenyewe afungue vitabu kutoka kwenye kila nakala na kuvisoma. Jina la faili kuonekana kwenye kioo si ushahidi kwamba faili ni nzima. Alinganishe jumla ya akiba na ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano uliopita.

Hatua ya 8: Ngojeni. Iwekeni diski kando mpaka mkutano mmoja upite mkitumia nakala mpya. Kitu kilichosahauliwa kitakumbukwa siku ya kukihitaji.

Hatua ya 9: Sasa bomoeni. Msifute folda moja moja. Faili za Windows ya zamani zitakataa na kusema zinataka ruhusa ya TrustedInstaller. Hicho si kirusi. Ni mlinzi ambaye Windows hujiwekea ili faili zake zisiguswe ovyo. Kuna njia za kumshinda nguvu, lakini anayezizoea hapa atazitumia siku moja kwenye diski isiyofaa, na kompyuta nzima itakufa. Kwa kuwa mali imeshatolewa, njia safi ni kuifomati diski. Bonyezeni KUUKUU kwa kitufe cha kulia, mchague "Format", msome jina tena, kisha mbonyeze "Start".

Windows haitakubali kufomati diski inayoiendesha yenyewe. Lakini diski nyingine yoyote itaifomati bila huruma, hata ile ya nje yenye nakala yenu. Kwa hiyo chomoeni diski ya nje na flashi zote kabla ya hatua hii.

Baada ya kufomati, huenda mkaona vipande vidogo vimebaki kwenye diski, vya megabaiti mia kadhaa. Ni vya kuamsha na kukarabati Windows ya zamani. Viacheni. Nafasi yake ni ndogo, na kuvifuta kunataka amri ambayo ukikosea nambari moja unafuta diski nyingine nzima.

MKIFUTA KWA MAKOSA

Simameni hapo hapo. Tazameni kwanza pipa la taka la kompyuta. Kama faili haimo, msiandike kitu kingine kwenye diski hiyo, na msiweke programu ya kuokoa juu yake. Unapofuta faili, kompyuta huondoa jina lake kwenye orodha na kusema nafasi hiyo ni wazi. Kwenye diski ya sahani, yaliyoandikwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Zimeni, mchomoe, mpeleke kwa fundi. Kwenye diski mpya za aina ya SSD tumaini ni dogo, kwa sababu hujisafisha zenyewe muda mfupi baada ya kufuta. Hapo nakala ya akiba ndiyo mkombozi.

DISKI IKITOKA MIKONONI MWENU

Jambo hilo hilo lina upande wake wa pili. Kama faili iliyofutwa inaweza kuokolewa na fundi mwema, mtu mbaya naye anaweza kuiokoa. Kwenye diski hiyo kuna majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na madeni ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeweka habari za watu azilinde. Hata bila sheria, siri ya jirani ni amana.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza au kugawa diski ya sahani, ifomatini mkiwa mmeondoa alama kwenye "Quick Format". Kufomati kwa haraka huondoa orodha tu. Kufomati kamili huandika sufuri diski nzima. Kwa diski ya gigabaiti 500 tegemeeni saa moja na nusu au zaidi. Kama ni SSD, fundi atumie programu ya kusafisha ya mtengenezaji wake. Diski iliyokufa, isiyoweza kufomatiwa, isiuzwe. Ivunjeni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Users ni ghala. Usiiguse kabla ya kutoa mbegu.
2. Nakala moja si nakala. Ziwe mbili, katika nyumba mbili, na zote zifunguliwe na kusomwa.
3. Windows.old huondolewa na Windows yenyewe. Diski kuukuu huondolewa kwa kufomati, baada ya kuokoa.
4. Jihadharini na programu za intaneti zinazojisifu kwamba zitasafisha kompyuta yote kwa dakika moja. Mnazo zana za kutosha ndani ya Windows.
5. Kadi ya akiba ya karatasi isitupwe kwa sababu kuna kompyuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Vitabu vya kikundi chetu viko kwenye diski gani leo? Ni watu wangapi kati yetu wanaojua?
2. Kompyuta yetu ikiibwa usiku huu, kesho tutasoma akiba zetu kutoka wapi?
3. Kijana katika hadithi alikosea wapi? Mweka hazina naye? Na sisi wengine, tulipaswa kumsaidiaje yule nyanya kabla mambo hayajaharibika?
4. Je, kuna diski au laptopu kuukuu kabatini kwetu au kwa mwanachama? Ina nini ndani?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Mweka hazina na karani watoe nakala mbili za vitabu na kuzileta mkutanoni. Zifunguliwe mbele ya wote, na kila mwanachama alinganishe kadi yake na yaliyoandikwa. Ikiwa kuna asiye na kadi, aandikiwe nyingine siku hiyo hiyo, na wenzake wakishuhudia.

Katika Injili ya Luka kuna mfano wa mjenzi wa mnara, unaotufundisha kuhesabu kabla ya kuanza. Anayebomoa naye ana hesabu yake. Ahesabu kwanza kilichomo ndani, na ni cha nani.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.